Nekoye na Kinu cha Kiingereza

Mimi Jelimo nimecheka sana maishani, lakini si kama mwaka ule wa 1954, darasani Kiminini. Mwalimu wetu alikuwa Nekoye, mzaliwa wa Bungoma, mke wa dereva wa trekta wa shamba letu. Kiingereza alitufundisha kwa kinu. Ndiyo, kinu! Tulishika michi wawili wawili, tukatwanga mahindi na maneno pamoja, kila silabi pigo lake.

"Mkisikia shen mkiani mwa neno," alituambia, "pigo zito ni lile linalotangulia."

Basi vak-si-NEI-shen! Re-jis-TREI-shen! Pumba zinaturukia puani, mbavu hatuna.

Aliyenuna ni mama mkwe wake, Nakhungu. Kila mchana alitwanga peke yake, akilalamika kwamba darasa limemwibia mwenzake wa mchi.

Siku moja akaja Bwana Kimeli, mkaguzi kutoka Kitale. Tukishindwa kusoma ukurasa mmoja, darasa linafungwa siku hiyo hiyo. Akakiona kinu, akakunja uso.

"Toeni hiyo kitu nje. Hapa ni darasa, si jikoni."

Nekoye akakitoa pamoja na michi, akaviacha chini ya dirisha. Nikaitwa mimi wa kwanza. Neno la kwanza ukurasani refu kama kamba ya ng'ombe! Nililitazama, likanitazama. Bila mchi mkononi sikujua nianzie wapi, na hasira zikanipanda mpaka nikataka kulia. Nekoye aliinamisha kichwa.

Ndipo tukasikia nje: du, du, DU, du. Mguu wangu ukaitikia wenyewe.

"E-du-KEI-shen!" nikapaza sauti.

Du, du, DU, du. Wenzangu wakadakia, ukurasa mzima, tunakanyaga chini mpaka vumbi likajaa chumba. Kalamu ya Bwana Kimeli nayo ilikuwa inagonga meza, mwenyewe hana habari.

"Darasa liendelee," akasema akipangusa miwani. "Na kinu kirudi."

Tukatoka mbio. Nakhungu alikuwa amekumbatia mchi, jasho linamtiririka. Ndani ya kinu hamkuwa na hata punje moja.

"Mama, kumbe unajua mapigo yetu?" Nekoye akauliza.

"Si kila siku naskia hapo dirishani? Ati nyinyi wote mko wawili wawili. Na mimi, bana, mwenzangu nani?"

Nekoye akamsogelea. Aliokota mchi wa pili, akasimama mbele yake.

"Haya, mama. Anza wewe."