Vikapo vya Sheria Isiyopita

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisimama mlangoni kwa Mama Kavira nikakosa pa kuweka mguu. Nyumba nzima ilikuwa vikapo. Vikapo juu ya kitanda, vikapo chini ya meza, vikapo mpaka dirishani. Mume wake, Papa Kambale, alikuwa anakunywa chai amesimama.

"Karibu, mama wa sheria," akaniambia. "Leo mi nitalala ndani ya kikapo, kesho muniuzishe ku soko pamoja na matembele."

Nilicheka kidogo tu. Vikapo vile vililetwa kwa neno langu.

Ngoja nikueleze. Wakati ule nilikuwa msichana, shule niliiacha mapema, lakini kwa ndoto sikuwa na mpinzani. Unajua mji wetu wa Goma umelala juu ya mawe ya volkano. Shimo la takataka hulichimbi hata kwa nyundo. Basi sashe, hii mifuko ya plastiki, zilikuwa zinajaa kwenye mitaro ya Birere, mtaa wetu wa soko, na mvua ikinyesha maji yanatuamkia ndani ya nyumba. Siye vijana wa mtaa tukaenda kuomba wabunge wa jimbo watunge sheria ya kuzikataza. Walitupokea vizuri, wakatupa soda. Mwanangu, chunga sana soda ya wakubwa! Mimi nilitoka pale nikiiona sheria inatembea barabarani.

Nikakimbia mpaka kwa Mama Kavira, jirani yetu wa kutoka Butembo, muuza maharage. Nikamwambia sashe zimekwisha, kila mtu atatafuta kikapo. Alinipenda, kwa hiyo akaniamini. Mtaji wake wote akautia kwenye vikapo vya kutoka Rutshuru, vikaja juu ya gari la ndizi. Wazee wanasema mtoto hajazaliwa, usimkatie nguo. Siye tulimkatia na kofia.

Siku ya kura, wabunge wengine hawakuja. Waliokuja wakasema wauza sashe watalia. Kisha wakasema jambo lirudi kwanza kwenye kamati. Kisha wakaenda kula. Halikutoka huko tena. Ndiyo sababu asubuhi ile nilikuwa mlangoni, nimekuja kusema sheria imeanguka. Na bila maharage, meza ya Mama Kavira sokoni ingechukuliwa na mwingine. Mwenye kukaa kwenye meza tupu Birere nani atamngojea?

Nilipomwambia, Mama Kavira hakunitukana. Alisukuma vikapo, akakipata kigoda, akaniketisha.

"Mutoto, bale bamama benye kuvukaka mupaka kila asubui, unabajua?"

"Nabajua, Mama."

"Kule ngambo sashe bamekataza. Baaskari banabanyanganya zote ku barrière, pale mupakani, basi bamama banabeba tomate, nyanya zabo, ndani ya kitenge. Ulisha bauliza kama banataka kikapo?"

"Hapana, Mama."

"Na badepite, bale babunge bako, ulibauliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Badepite banabebaka tomate?"

Papa Kambale akapaliwa na chai yake. Mimi nilitamani kujificha, na mahali pa kujificha palikuwa pamejaa vikapo.

Kesho yake nilikuwa mpakani kabla jua halijapanda, vikapo kichwani, vikapo mikononi. Mama mmoja mwenye sauti ya kengele, aliyekwisha kusikia habari ya kura, akaniona.

"Weye wa vikapo! Sheria yako ilikufa. Unauzisha maiti?"

"Ilikufa, Mama, lakini iliacha urithi. Chagua!"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akatazama kitenge chake chekundu kwa maji ya nyanya, akachagua kikapo kikubwa kuliko vyote. Kisha akaita dada yake. Mwanangu, hata sheria haiiti watu kama mama wa mpakani akiita dada yake! Polepole vikapo vikaisha, na maharage yakarudi juu ya meza ya Mama Kavira.

Sheria ile haijapita mpaka leo, na mimi bado nawaomba wakubwa, kwa sababu mitaro yote haiwezi kuokolewa na kikapo. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Wewe nawe omba, usione haya. Ila kabla ya kufika kwa mwenye kiti, pitia kwanza kwa mwenye mzigo, umuulize mzigo unamuumiza wapi. Na ukiota ndoto, uiote kwa mtaji wako. Wa jirani uuache ulale salama.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Wakubwa wakikufungia mlango, akufungulie wa jirani, nawe uingie unacheka.