Ameng'oa Kiti Changu, Kitanda Kimebaki

Admin, jina langu lisitoke, mume wangu anajulikana sana hapa Sombetini. Nina miaka arobaini na minne. Nilijaliwa mtoto mmoja tu, binti, na sasa ni marehemu.

Mume wangu ni seremala. Tulinunua Land Cruiser ya zamani tuigeuze iwe gari ambalo watalii wanalala humo humo, yeye aendeshe, mimi nipike. Binti yetu alikuwa bado hai. Kitanda cha nyuma walikitengeneza baba na binti, mninga mtupu, mbao nene kama za kitanda cha maharusi. Nilipouliza kama gari litaweza uzito huo, baba mtu akacheka, "Plaiwudi ni ya dari, mama. Mtu halalii dari." Ndivyo alivyo, kwake kitu chepesi ni kitu kibovu. Binti alikipiga msasa mwenyewe, akawa anajilaza humo mchana hata kabla godoro halijaja. Kisha moyo ukamsumbua, tukamzika.

Baada ya msiba tukamalizia gari: tangi la maji, jiko, mtungi wa gesi, hema la juu. Siku ya kulijaribu, tukiteremka kutoka Ilboru, breki zikashindwa kulishika, tukaponea kwenye migomba ya watu. Fundi springi akaliangalia lilivyokalia matairi ya nyuma, akasema kwa upole, "Mzee wangu, mbao hizi ni za nyumba. Toeni kitanda, muweke chepesi. Hata nikiongeza springi, breki ni zile zile."

Mume wangu kitanda hakukigusa. Akaanza kupunguza vingine. Ametoa tangi, ametoa hema, ametoa jiko. Gari bado limekaa chini. Jana nimerudi kutoka sokoni nikakuta kiti changu cha mbele kimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza, mimi nitakaa wapi?

"Wewe utabaki nyumbani," akasema bila kunitazama. "Yeye nimeshamwacha mara moja, kule makaburini."

Imeniuma jamani. Na mimi nilimzaa. Hakuna aliyeniuliza mimi nikizigusa zile mbao najisikiaje.

Wiki ijayo anapeleka wageni wa kwanza huko mlimani, na kushuka watashuka na uzito wa kitanda kile kile. Nikikitoa kitanda akiwa hayupo, sidhani kama atanisemesha tena. Nikinyamaza, naogopa kuzika tena. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Spana iliyofunga kile kitanda najua anapoiweka.