Pikapu Iliyopona Mara Nyingi Mno

Deodatha wa Kanoni alikuwa na kilema kimoja ambacho hakikuonekana hadi umkaribishe nyumbani: hakuweza kuona chuma kimelala bila kukichokonoa. Alianza na cherehani ya shangazi yake kule Nyabiyonza, akiwa msichana aliyetoka kumaliza darasa la saba. Aliifungua ili aipake mafuta. Alipoifunga tena zikabaki skrubu mbili mkononi, na cherehani ikawa inashona kwa kurudi nyuma. Skrubu akazitupa kwenye migomba zisije zikamshuhudia, akasema cherehani imechoka. Shangazi hakumwamini, lakini aliendelea kumpenda, na hilo ndilo lililomharibu.

Alipoolewa na Elpidius, wakanunua mashine ya kusaga unga, ile ya dizeli inayonguruma mahali pamoja kama mgonjwa wa jino. Hapo Deodatha akapata uwanja. Alikuwa anapalilia kahawa huko chini, akisikia mlio umebadilika anapiga kelele, "Mkanda umelegea huo!" na kweli unakuta umelegea. Watu wakamsifu. Kichwa kikavimba. Akaanza kusema mashine ni mashine, awe punda awe ng'ombe wote wana miguu minne. Maneno hayo baadaye aliyatafuna mwenyewe, bila chumvi.

Nyuma ya nyumba yao ilikuwepo pikapu ya baba mkwe, marehemu mzee Novatus. Mzee aliinunua zamani ya kubebea kahawa. Alipohamia Kimuli kumalizia siku zake kwa mwanawe mwingine, Xaveri, pikapu ilikataa kuhama naye, ikabaki Kanoni imezama matairi. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Sasa Xaveri alikuwa ameagiza vifaranga, akatuma ujumbe kwamba pikapu ikatwe, kile kichwa chake kiende Kimuli kiwe banda.

Deodatha alihisi kama ametangaziwa kukatwa mtu. Akampigia simu.

"Shemeji, hilo gari ni zima."

"Zima kwa maana ya limezimika?" Xaveri akauliza.

"Nitalileta kwako likitembea lenyewe. Siku ya misa ya kumkumbuka mzee. Likifika, ni langu."

"Likivutwa kwa kamba je?"

"Likivutwa au likisukumwa, hata hatua moja, chukua ufanye banda. Hata mimi nifungie humo."

Elpidius, aliyekuwa anasikiliza huku anamenya ndizi, alitikisa kichwa. Alimjua mke wake. Akishaapa mbele ya mashemeji, hata akiwa na homa atakwenda.

Basi kazi ikaanza, na Deodatha akaifanya kama watu wanavyopamba bibi harusi asiyejua kutembea. Kabla injini haijawaka, tayari alishapaka bodi rangi ya kijani iliyobaki walipopaka kanisa la kigango. Akashonea viti foronya za kitenge. Ubavuni akapigilia mbao mpya. Wavu wa mbele uliokuwa umeliwa na kutu aliuondoa, akaweka kipande cha wavu wa kuanikia kahawa, na kwa kuwa honi ilikuwa haina kibonyezo, akaifungia swichi ya taa ya chumbani. Ukitaka kumpigia mtu honi, unawasha, na usiposahau, unazima.

Siku ya kupaka rangi alitoa mfuniko wa tanki la mafuta, akauweka juu ya majani. Siku hiyohiyo walikuwa wanakamua ndizi za pombe. Jioni majani yote yakazolewa, yakaenda kutandazwa shambani, na mfuniko ukaenda nayo. Mpaka leo kuna mgomba Kanoni unaoota juu ya mfuniko wa tanki, na Deodatha akipita hapo huwa anautazama kwa chuki.

Mwingine angetafuta mfuniko. Yeye alikata jani la mgomba, akalipitisha motoni hadi likalegea, akalisokota likawa kizibo kama vile vya madumu ya rubisi. Pombe hiyo ya ndizi aliijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake, na kwa kusokota vizibo alikuwa hana mpinzani kata nzima. Kwa kuwa hiki kilikuwa cha petroli, alikiongezea heshima: akakivika mpira wa tyubu ya baiskeli, akakigongomea kwa kiganja, akakipiga kofi la mwisho.

"Hapo hata pepo haingii," alisema.

Kweli hakuingia.

Pikapu iliwaka. Majirani walikuja wakashangilia, kuku wakahama kwa hasira. Deodatha akaiingiza barabarani, akapita mbele ya duka la Nadhira akiwa amewasha honi na kusahau kuizima, akafika kwenye mwinuko, na injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikafa.

Akateremka akiwa na uso wa mtu aliyekusudia kusimama hapo. Kwanza akafungua tanki aone kama mafuta yapo. Kizibo kilitoka kwa taabu, kikasema fyuuu. "Petroli nzuri hii, ina nguvu," akamwambia Elpidius. Akakirudisha, akakipiga kofi. Kisha akafungua plagi, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Akapiga stata. Ikawaka!

"Plagi," alitangaza dukani kwa Nadhira wakati wa kurudi. "Ilikuwa plagi tu."

Nadhira alikuwa mwanamke mwenye duka la vyakula na vipuri, upande mmoja mchele, upande mwingine oili. Babu yake alitoka pwani, na ulimi wake ulikuwa bado haujazoea baridi ya huku.

"Hongera, Mama Noela," alisema. "Na mimi nikuuzie plagi mpya au hizo zishapona?"

"Zimepona, Bi Nadhira."

Jumamosi iliyofuata ikafa palepale. Deodatha akafungua tanki, fyuuu, mafuta yapo. Akageukia kabureta, akaifungua yote juu ya kanga, akaipuliza hadi masikio yakaziba. Ikawaka. Akarudi dukani akiwa na mkono mweusi mpaka kiwiko.

"Kabureta! Plagi zilikuwa zinasingiziwa."

Baada ya hapo ikawa pampu. Halafu nyaya. Halafu ikawa betri, ingawa betri yenyewe ilikuwa ya kuazima. Kila ilipokufa alifungua tanki kwanza, kwa sababu kule kwenye mashine ya kusaga alizoea hivyo: kabla hujamlaumu mtu, angalia kama amekula. Na kila mara, chochote alichokigusa baada ya hapo kiligeuka kuwa ndicho kilichokuwa kibovu. Hata angeigonga pikapu kwa mwiko, ingewaka, na yeye angetangaza ugonjwa wa mwiko. Nadhira alifikia hatua ya kutosalimia tena. Akiiona pikapu inakuja anatoka mlangoni na kuuliza, "Leo imepona nini?"

Dukani watu wakacheka. Deodatha naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kichwani aliona jogoo wa Xaveri akiwika ndani ya kichwa cha pikapu ya kijani.

Siku ya misa ikafika na ugonjwa haujajulikana jina. Waliondoka asubuhi. Deodatha aliendesha, maana leseni ilikuwa yake, aliisomea Kayanga akiwa mtu mzima pamoja na vijana waliomwita bibi. Katikati aliketi mama mkwe wake, Adela, aliyekuwa amekuja Kanoni kupumzika na sasa anarudi kwake Kimuli. Elpidius alikaa nyuma akiwa amekumbatia dumu la rubisi la misa, na mikungu ya ndizi imemzunguka kama yeye ndiye anauzwa.

Pikapu ilikufa mara ya kwanza. Tanki, fyuuu, mafuta yapo, plagi, ikawaka. Ikafa tena. Tanki, fyuuu, kabureta, ikawaka. Walipofika kwenye mwinuko wa mwisho, Kimuli iko hapo juu unasikia mpaka ngoma za wanakwaya, ikafa mara ya tatu.

Safari hii Deodatha hakushuka. Aliweka mikono kwenye usukani, akatazama mbele. Hata tanki hakufungua, mafuta aliyajua yapo. Dawa zote alishazitumia. Akapiga stata, ikalia. Akapiga tena, ikalia kwa sauti ya kuaga. Akaacha.

Kijana wa bodaboda akasimama. "Mama, shikamoo. Nina kamba hapa, niwavute mpaka pale juu?"

Elpidius akainama dirishani. "Mama Noela," alinong'ona, "ni hapo tu. Nani ataona?"

"Mimi nitaona," akasema Adela, bila kugeuza shingo.

"Mama, nawe!"

"Aliapa hatua moja. Mimi nilikuwepo simu ilipopigwa. Nikifika pale mwanangu Xaveri ataniuliza, na leo ni misa ya baba yenu, sitasema uongo." Akafuta vumbi mdomoni. "Lakini nina kiu. Nipeni hiyo rubisi."

Deodatha akamshukuru kijana wa bodaboda, naye kijana akaenda zake. Basi imekwisha, alijisemea. Foronya za kitenge zitakuwa za kuku. Wataketi vizuri, wamebahatika.

Elpidius alishusha dumu. Hakutaka kung'oa kizibo, vumbi la barabara lisije likaingia kwenye pombe ya misa, kwa hiyo akachomeka mrija mmoja katikati ya kizibo na kuinamisha dumu juu ya kikombe. Ikatoka kidogo, ikadondoka, tone, tone, ikakoma. Akatikisa. Hakuna. Akainamisha zaidi, uso umemwiva.

Hasira zote za Deodatha, za plagi na kabureta na vifaranga, zikapata pa kwenda.

"Wewe mwanaume! Umezaliwa kwenye migomba umezeekea kwenye migomba, hujui hata kumimina! Umeziba kote, itatokaje? Kitu hakitoki kama upepo hauingii! Mtoto wa chekechea anajua, toboa tundu la pili, chombo kipumue! Unakaa unatikisa, unatikisa, kama hilo dumu lina kosa, kumbe kizibo chako ndicho kina—"

Akautazama mkono wake.

Alikuwa ameunyoosha mkono wa kugombeza, na kwa bahati mbaya mkono ulikuwa umeelekea kwenye tanki la pikapu. Kizibo kilikuwa pale. Jani safi, tyubu ya baiskeli, kazi ya kujivunia, kata nzima hakuna mpinzani. Hapo hata pepo haingii.

"Kina nini?" akauliza Elpidius. "Malizia."

Deodatha aliuteremsha ule mkono. Alikwenda mpaka kwenye tanki, akakishika kizibo, akakivuta. Fyuuu! Safari hii aliisikia vizuri. Haikuwa nguvu ya petroli hata kidogo. Ilikuwa ni pikapu inavuta pumzi, kama mtu aliyeshikiliwa pua tangu Kanoni. Injini ilikuwa inanyonya mafuta, upepo hauna pa kuingilia, mwisho hakuna kinachotoka. Na kila alipofungua kuchungulia, alikuwa anaiponya, kisha anaiziba tena na kuipiga kofi juu.

Akazikumbuka plagi alizozisugua hadi zikang'aa kama meno ya mgeni. Akamkumbuka Nadhira mlangoni.

"Elpi," alisema kwa sauti ya upole ambayo mume wake alikuwa hajaisikia tangu harusi. "Naomba huo mrija."

Akatoboa kizibo katikati, akachomeka mrija, akaubakiza umechungulia nje. Akarudi kwenye usukani bila kumtazama mtu. Akapiga stata. Ilivuta, ikasita, ikavuta tena, ikawaka.

"Na mimi je?" akauliza Adela. "Gari limepata mrija, mimi sijapata."

"Mama, tukifika utapewa dumu zima."

Walipanda ule mwinuko. Injini haikukohoa hata mara moja, na Deodatha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, hakutangaza chochote.

Xaveri alisimama uani kwake amevaa koti la misa. Aliizunguka pikapu mara mbili. Akainama kwenye bampa kutafuta alama ya kamba. Pembeni, kando ya stoo, Deodatha aliona kigingi na wavu mpya wa kuku, tayari kabisa.

"Mama," Xaveri akamwuliza Adela, "limevutwa?"

"Halikuvutwa."

"Limesukumwa?"

"Halikusukumwa. Limesimama sana, lakini hamkuapa habari za kusimama."

Xaveri akafika kwenye tanki. Akauona mrija. Akautazama, akamtazama shemeji yake, akautazama tena.

"Shemeji, gari hili linakunywa nini?"

Hapo Deodatha alikuwa na uongo mzuri mdomoni. Ni mtambo wa kupunguza ulaji wa mafuta. Angeweza kuusema na wangeuamini, hata Elpidius angeuamini. Lakini watu walikwisha kusogea, na Adela alikuwa anateremka polepole akishikilia mlango.

"Hiyo ni pua," alisema bibi kizee. "Alilipamba lote, akasahau kuliwekea pua."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hadi katekista akaficha uso kwa kitabu cha nyimbo. Deodatha akaona hakuna haja ya kubaki nyuma. Akawasimulia yeye mwenyewe, plagi na kabureta na yote, na hasa yale matusi aliyompa mume wake, maana alijua Elpidius angeyasimulia vibaya zaidi.

Xaveri alifuta machozi ya kicheko. "Basi ni lako," alisema. "Ila umeniachia vifaranga hawana nyumba. Baada ya misa unibebee mbao za banda."

Akazibeba siku hiyohiyo.

Jumatatu, akirudi Kanoni, alisimama kwa Nadhira kuulizia mfuniko wa tanki. Nadhira alikuwa mlangoni tayari, mikono kiunoni.

"Haya, Mama Noela. Leo imepona nini?"

"Pikapu haikuwa inaumwa, Bi Nadhira," alisema Deodatha. "Nitafutie mfuniko. Ila kabla hujanipa, uangalie kama una tundu."