Magari Yaliyolala Migombani

Sebahire alihesabu kwa Kinyarwanda, akaomba kwa Kinyambo, akabishana na trafiki kwa Kiswahili. Alizaliwa Kaisho, kwa wazazi waliovuka mpaka na ng'ombe wao, na tangu utotoni alijua kwamba mtu anayekuja na kalamu kuhesabu hajaja kukusalimia. Kila ilipotangazwa sensa ya mifugo, baba yake aliwaswaga ng'ombe hadi nyuma ya kilima, kwenye rweya, ile ardhi tupu ya malisho isiyo na nyumba, akabakiza zizini wawili waliokonda. Wahesabuji walikunywa maziwa, wakashukuru, wakaondoka. Nyumbani hakuna aliyeuita uongo. Ilikuwa kazi ya ufugaji, kama kukamua.

Kwa hiyo hata alipokwisha kuota mvi, akiwa na mchomoko wake mwenyewe, Probox nyeupe ya kubeba abiria kati ya Omurushaka na Kaisho, moyo wake ulishtuka vilevile siku Eugenia aliposhuka stendi na wenzake wawili.

Eugenia alikuwa binti wa Kihaya kutoka Bukoba, mtumishi wa mradi, mpole wa kutia wasiwasi. Aliwaamkia shikamoo wote wenye mvi, mpaka wapiga debe. Aliwaeleza madereva kwamba mkoa unataka kujiwekea lengo la kupunguza gesi zinazotoka kwenye magari ya abiria, zile zinazoongeza joto duniani na kuivuruga mvua mpaka kahawa inachanua nje ya msimu wake. Lakini kwanza ijulikane magari yaliyopo ni mangapi na yanakunywa mafuta kiasi gani, kwa sababu kila barabara itapewa kikomo chake kutokana na hesabu hiyo. Jambo hili la mwisho alilisema mara mbili, taratibu. Kisha akaongeza kwamba kazi yao haihusiani na kodi, na hapo watu wakacheka.

"Mwanangu," alisema Mwanahalima, muuza vipuri ambaye babu yake alikuja kutoka Pangani na kuwaachia wajukuu ulimi mkali, "hapa hata anayekuja kuchanja mbuzi husema haihusiani na kodi."

Madereva wa barabara ya Kaisho walimgeukia Sebahire, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Hakuhitaji kufikiri. Wageni walipokwenda kutafuta chakula, aliwaambia wenzake kwamba wiki ya kuhesabu, magari yote yatakuwa yanaumwa. Tariq peke yake alikataa. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameoa, na alisema hawezi kumwambia mkewe kwamba wiki nzima gari limelazwa kwa homa.

Mengine yakaingia migombani. Kila mwenye kibanja cha migomba Kaisho alikubali kupokea moja au mawili, yakasukumwa kati ya mashina na kufunikwa majani makavu ya migomba, yale yale ya kutandazia shamba. Probox ya Sebahire ililala sambamba na gari la rafiki yake Yusto, vioo vikigusana. Kutoka njiani usingeona kitu. Ungeona tu kwamba shamba limetandazwa majani mengi mno kwa msimu ule.

Jumatatu Omurushaka iliamka kama mji uliopata msiba. Kuku walidonoa mahali pa kuegesha. Abiria wa Kaisho walisimama na mizigo yao, wakatazama barabara, wakachoka, wakaanza kutembea. Eugenia na wenzake walikaa kwenye benchi na vizibao vyao vya njano. Walihesabu gari la Tariq, mawili ya watu wa mbali ambao hawakupata habari, na gofu la gari lililokaa juu ya mawe gereji, ambalo fundi aliapa kwamba litatembea kabla ya Pasaka.

"Dada, usisahau baiskeli yangu," Yusto alimwambia kutoka ng'ambo ya barabara. "Nikipanda mlima nayo, tunatoa moshi wote wawili."

Eugenia alicheka na wengine. Kisha akamuuliza Sebahire, kwa sauti ya chini, watu wa Kaisho husafiri vipi.

"Kwa miguu, mwanangu. Sisi ni watu wa miguu."

Eugenia akaitazama njia ya Kaisho. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, na tope lilijaa alama za matairi, mpya na za zamani, zimepandana hadi kingo za mtaro. Alizitazama kwa muda. Lakini alitumwa kuhesabu magari, hakutumwa kuhesabu alama zake, akainamisha kichwa na kuandika alichoambiwa. Sebahire alikuwa amekwisha kuwaona wengi wakidanganywa. Hakuwahi kumwona mtu akiupokea uongo kwa utulivu ule, na jambo hilo lilimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Magari yalitoka migombani, nauli zikarudi, rubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa kwa furaha. Maharage yalivunwa. Ndipo zikaanza kuja habari kidogo kidogo: mara vijana wamesimika nguzo kwenye njia panda, mara dereva wa Kayanga ameulizwa stika ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kisha ukaja wito wa mkutano Kayanga. Laurensia, mke wa Sebahire, alikuwa akimenya ndizi aliposomewa wito huo, na hakuinua uso.

"Walihesabu kilichobaki," alisema. "Sasa kilichobaki ndicho chenu."

Ukumbini palikuwa na ramani ya wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa. Barabara zilichorwa nene au nyembamba kulingana na magari yaliyokutwa, na ile ya Kaisho ilikuwa uzi. Eugenia alisoma lengo. Kila barabara itapunguza theluthi ya moshi wake ndani ya miaka kumi. Tangu sasa vibali vya kubeba abiria vitahuishwa kwa magari yaliyohesabiwa tu, na kila kingine kitakufa tarehe yake ikifika. Kwa Kaisho hiyo ilikuwa na maana ya Tariq, wale wawili wa mbali, na gofu la gereji. Kibali cha Sebahire kilikuwa kinakwisha mwezi ule ule.

Alisimama.

"Magari yapo," alisema. "Yamejaa. Mimi ndiye niliyesema yafichwe."

Eugenia hakuonyesha kushangaa, na hilo lilimtisha kuliko kama angemkaripia. Alisema hesabu inaweza kufunguliwa upya kabla lengo halijatiwa saini, lakini si kwa neno la mtu mmoja.

"Baba amesema yake. Wengine walioficha magari wanyooshe mikono, niwaandike sasa hivi."

Meza ya mbele alikaa afisa wa trafiki, na pembeni yake mtu wa kodi, wote kalamu mkononi. Sebahire aligeuka nyuma. Aliwaona madereva wake safu kwa safu, watu aliokula na kuzika nao, mikono yao ikiwa mapajani. Yusto alikuwa akizichunguza kamba za viatu vyake.

"Mzee amechoka," sauti ilisema kwa Kinyarwanda kutoka viti vya nyuma. "Miguu yetu ndiyo anayoiita magari."

Wachache walicheka, kicheko kifupi. Eugenia alisubiri, akasubiri tena, kisha akafungua ukurasa uliofuata. Lengo lilitiwa saini mbele yao.

Walirudi pamoja, maana Yusto alikuwa amekuja kwa gari la Sebahire. Alikaa kiti cha mbele kama siku zote. Walipoipita Omurushaka na kuikamata njia ya Kaisho, mwanamke aliwanyooshea mkono, mtoto mgongoni, bahasha ya hospitali kwapani. Alipanda nyuma, akawasalimia, akauliza kama watapita na mwezi ujao, maana mtoto ametakiwa kurudi Kayanga kila mwezi.

Sebahire alifungua mdomo.

"Tutapita, mama," alisema Yusto haraka. "Kwani lini tuliacha kupita?"