Mikono ya Ng'washi

Usiku kucha Tatu hakulala. Aliiweka simu kifuani, akisubiri neno moja kutoka Bukene: Ng'washi anakuja au haji. Asubuhi ukoo wa mumewe ungekaa kikao, na mama mkwe alikwisha kusema uamuzi wenyewe. Nurdini amwandikie mkewe talaka, Tatu arudi kwao Usinge na mtoto wake, mbali na kliniki anakotibiwa.

Kisa kilikuwa magoti ya Zaituni, binti yao wa miaka sita. Kila alfajiri yalivimba kama maandazi, naye alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Daktari wa hospitali ya Kitete alisema ni baridi yabisi ya watoto. "Kwetu hakuna kiwete," mama mkwe akawaambia majirani. "Tumeletewa mbegu mbovu."

Tatu aliyameza maneno hayo, lakini hayakushuka.

Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Tatu akapekuapekua, hadi shangazi mmoja ulimi ukamteleza. Nurdini ana dada mkubwa, Ng'washi, aliyeumwa viungo tangu utotoni. Wachumba wa wadogo zake walipoanza kuulizia ukoo, mama yake alimpeleka Bukene, kisha akatangaza msiba wake. Hata wazazi wa Tatu, siku ya posa, waliapiwa kwamba ukoo ni safi.

Tatu akamfuata huko, akamkuta anabangua karanga kwa meno. Vidole vilikuwa vimepinda.

Daktari alimweleza pia kwamba vinasaba peke yavyo havileti ugonjwa, vinaongeza hatari tu, na mtoto huweza kuvirithi pande zote mbili. Nusu hiyo ya maelezo Tatu hakukusudia kuifikisha kikaoni.

Simu ikalia kabla ya adhana ya alfajiri.

"Wifi, nimepanda basi. Usimwambie mtu. Nataka niuone uso wa mama."

"Tutauona wote," Tatu akajibu.

Saa nne walikuwa mlangoni kwa mama mkwe. Ndani wazee walikwisha kuanza kuzungumza.

"Piga hodi wewe," Tatu akanong'ona. "Sauti yangu wameichoka."

"Yangu waliizika." Ng'washi akacheka kidogo, kisha akapaza sauti. "Hodi humu. Mama, ni mimi, Ng'washi."

Ndani kikombe kiligonga kisahani.

"Nurdini, usifungue," mama mkwe alisema.

"Ng'washi si alikufa, mama?" Nurdini akauliza.

Tatu alisogea pembeni, ili kitu cha kwanza mumewe kukiona kiwe ile mikono. Komeo likavutwa.