Saba Juu ya Ishirini na Nne

Kaka yangu hukata kucha za miguu juu ya busati la marehemu baba. Kila nikienda Mji Mkongwe, kwenye nyumba aliyotuachia baba, namkuta kwenye kochi lilelile, mguu mmoja juu, na vipande vya kucha vinarukia pale pale mzee alipokuwa akisali. Hunitia kinyaa. Lakini nilikuwa nakwenda kwa ajili ya bintiye, yuko darasa la sita, na hesabu za sehemu zinamtoa jasho.

Alasiri moja mtoto alinifungulia daftari. Mwalimu wao kawapa hesabu ya mirathi: mtu amekufa, ameacha nyumba, mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kila mmoja apate sehemu gani? Onyesha njia. Nikaona ni sisi hasa: mama, kaka na mimi.

"Mke ana thumni yake, moja juu ya nane," nikamwambia. "Itoe kwanza."

"Nzima ni nane juu ya nane. Nkitoa moja, inabaki saba juu ya nane."

"Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Jumla?"

"Matatu."

Akataka kuigawa saba kwa tatu, akakwama, kama kawaida yake. Nikamwambia aiache saba, azidishe asili, ile namba ya chini: nane mara tatu. Binti wa kwenye hesabu akapata saba juu ya ishirini na nne, kijana kumi na nne, na thumni ya mke ikawa tatu. Mwanafunzi wangu akajumlisha. Ishirini na nne kamili! Akapiga makofi.

"Kwa hivyo shangazi, chumba chako humu ndani ni kipi?"

Kaka akacheua. Ukucha ukaruka ukatua daftarini.

"Hizo hesabu za skuli," akasema. "Shangazi yako kaolewa, ana kwake. Hapo andika sufuri."

Kwangu ni chumba cha kupanga huko mitaa ya Ng'ambo, mimi na mume wangu, na vyumba vya juu vya nyumba ile kaka kawapangisha watalii. Miaka yote nilinyamaza kwa kumstahi mama. Sasa alikuwa anamtuma mtoto anifute, na mwenyewe hata macho hakuyainua kwenye vidole vyake. Kinyaa kilichonipanda hapo hakikuwa cha kucha tena.

Mtoto ni mtiifu. Akafuta saba, akaandika sufuri, akajumlisha upya kwa vidole. Akakunja uso.

"Baba, mbona zinakuja kumi na saba? Zile saba zimekwenda wapi?"

Kaka akainamia dole gumba lake.

"Zinakwenda kwa kadhi kesho asubuhi, mwanangu," nikamjibu mimi. Nikaupangusa ule ukucha kwenye ukurasa, nikampa kalamu yangu ya wino. "Haya, zirejeshe ulipozifuta."