Kuku Aliyengoja Chini ya Kitanda

Nyanya alisema kuku asiondolewe mpaka yeye arudi. Kilichoninyima usingizi ni kutojua kama neno hilo bado lilinifunga, maana aliyelisema tulikuwa tumeshamzika nyuma ya migomba, na kuku alikuwa angali amelalia mayai chini ya kitanda chake.

Alilisema asubuhi aliyopelekwa hospitali Nkubu. Alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani miguuni, akimngoja baba alete gari la kukodi. Nilipokuwa nikimfunga vifungo vya sweta, alinionyesha kwa kidole chini ya kitanda. Kuku wake kishingo, yule mweusi asiye na manyoya shingoni, alikuwa ameatamia ndani ya karai kuukuu lililojazwa nyasi kavu. Mayai yenyewe aliyachagua kwa mkono wake, akayatia kila moja msalaba wa mkaa, ili kuku wengine wakija kutagia humo tuyatambue mapya na kuyatoa.

"Huyu usimwondoe hapo mpaka nirudi," akasema.

Niliitikia kama mtu anayeitikia jambo dogo.

Hakurudi. Siku za matanga nyumba yake ya mbao ilijaa watu, wazee wa kanisa wakaketi hadi chumbani, wengine juu ya kitanda chenyewe, na kuku akatoroka kwenda kujificha kwenye shamba la kahawa. Ulikuwa mwezi wa Julai, ambapo huku kwetu ukungu huweza kukaa hata adhuhuri. Watu walipotawanyika, kishingo alirudi kwenye karai lake na kuyakalia mayai ambayo tayari yalikuwa yamepoa.

Mimi ndiye niliyepewa jina la nyanya. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba, na jina haliji peke yake. Tangu nikiwa mchanga mama huniita "mama," kwa sauti ileile aliyomwitia mkwe wake. Nilipokosea nikiwa mtoto aliwahi kuinua mwiko, akaushusha, akacheka: angempigaje mama mkwe wake? Nyanya naye akinituma dukani alisema anajituma mwenyewe. Mambo haya yote yalikuwa mchezo mtamu alipokuwa hai. Siku ya mazishi, jirani mmoja, rika la nyanya, alinishika mkono mbele ya watu na kusema, "Hajaenda mbali. Si huyu hapa amesimama?" Watu wakatabasamu. Mimi niliuchomoa mkono wangu.

Baba alirudi kazini Isiolo. Mimi nilitakiwa kurudi Embu, kwenye chumba changu cha kupanga mtaa wa Dallas, ambako tangu nimalize chuo kikuu nilikuwa nikituma maombi ya kazi na kukaa nikifikiria makosa niliyoyafanya katika maombi hayo. Nilimwambia mama nitaondoka wiki inayofuata. Wiki hiyo ilipofika nikasema tena inayofuata. Nilikuwa nikilala sebuleni kwa nyanya, nyumba isibaki tupu, na kuku wote wakawa mikononi mwangu.

Kuku wengine walitaga kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila asubuhi niliokota mayai kwenye majani makavu kando ya stoo, bado yana joto, nikayapeleka jikoni kwa mama. Niliyapika kama nyanya alivyonifundisha: nakwaruza viazi vya Kibirichia, nakamua maji, navikaanga polepole na kitunguu hadi vishikane, kisha namimina mayai juu, nafunika, naweka makaa machache juu ya kifuniko ili upande wa juu nao uive. Mayai ya kienyeji yana kiini cha manjano iliyokolea, chakula chote hubadilika rangi. Dallas nilinunua mayai ya trei yenye kiini kilichopauka, nikayala nimesimama.

Nyanya hakuvunja yai juu ya sufuria. Alilivunja kwanza kwenye kikombe, akageuza uso kidogo upande wa kulia, akanusa, ndipo akalimimina. Asubuhi moja nilimwona mama ameacha kijiko hewani, ananitazama. Nikatazama alipokuwa akitazama. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, na uso wangu nilikuwa nimeugeuza kulia. Sikukumbuka kuamua kufanya hivyo. Tulikula, na chakula kilikuwa na ladha ya mkono wa nyanya hasa.

Jioni ilikuwa mbaya zaidi. Kuku hawakwenda bandani. Walikusanyika mbele ya mlango wa nyanya, wakasimama wakiuelekea mlango, wakingoja awaite. Alikuwa na mwito wa chini, kuru, kuru, kana kwamba anawanong'oneza, kisha akatangulia nao wakamfuata. Mimi sikutaka kuita. Watu husema nina sauti yake, na niliogopa kuisikia ikitoka kooni mwangu gizani. Niliwakamata mmoja mmoja, nikawabeba wakipiga kelele.

Wakati wa vifaranga kuanguliwa ukapita. Simu yangu ilisema wiki tatu. Nikajiambia huenda baridi ya milimani huchelewesha, nikatafuta tena, simu ikasema vilevile. Kishingo alikuwa amekonda, kishungi kimepauka. Alitoka mara moja kwa siku, akanywa maji kidogo, akarudi mbio kana kwamba ameitwa. Usiku, kupitia ukuta wa mbao, nilimsikia akiyageuza mayai kwa mdomo. Yaligongana taratibu, tik, tik, kisha kimya. Nilikuwa nikilala macho nikingoja yagongane tena, na yasipogongana nikaogopa kwamba amekufa, na yakigongana nikaogopa vilevile.

Jirani yule alikuja kuomba moto, nikamweleza. "Umesoma chuo kikuu mpaka ukaogopa kuku?" akaniuliza. "Mtoe. Mtumbukize miguu kwenye maji baridi. Kesho atakuwa amesahau." Kisha akautazama mlango wa chumba cha nyanya, akachukua kaa lake la moto na kuondoka. Niliona kwamba yeye pia hakujitolea kuingia.

Kanisani tunafundishwa kwamba wafu hawana habari ya mambo ya dunia. Mchana niliamini. Lakini nikimwondoa kuku, niliwaza, nitakuwa nimetangaza kwamba nyanya harudi, na nitakuwa wa kwanza kulisema hilo ndani ya chumba chake. Nisipomwondoa, atakufa juu ya mayai kwa sababu ya neno la mwanamke aliyempenda. Kila upande ulikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na swali nyuma yake. Siku zikapita nikiwa bado mlangoni.

Kisha asubuhi moja nikakuta yai moja nje ya chumba, kishingo amelisukuma mwenyewe hadi kizingitini. Msalaba wa mkaa ulikuwa umefutika kwa kulaliwa, umebaki mstari mmoja. Nikaenda nalo jikoni, nikalivunja kwenye kikombe. Harufu ilinirudisha nyuma. Ndani mlikuwa na kifaranga kidogo sana, macho yake mawili meusi chini ya ngozi, ambacho kiliacha kukua wiki ile nyumba ilipojaa watu. Kilikuwa kimeanza vizuri.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Mama, yale mayai yamekufa," nikamwambia.

"Najua. Harufu inafika hadi huku."

"Basi mtoe wewe."

"Mimi?" Hakuinua macho. "Mimi niliolewa hapa nikawakuta kuku wake. Sijawahi kumgusa mmoja bila ruhusa. Nianze leo?"

"Lakini alisema mpaka arudi."

Mama alipangusa kisu kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akanitazama. Hakuwa anatania, na hakuwa ananifariji.

"Kwani wewe, mama, hujarudi?"

Nilitoka nikaketi kwenye kahawa. Ndipo nilipojua nilichokuwa nikikiogopa wakati wote. Nikisema nimerudi, nani atakwenda Embu? Nitabaki na vifungo vya sweta lake, kikombe chake, kuku wake mlangoni, na nisipate tena kuwa mtu mwingine. Niliwaza hivyo hadi suruali ikalowa umande. Kisha nikamkumbuka nyanya akirudi sokoni, akirudi kwenye mikutano ya akina mama, akirudi kumtembelea dada yake Embu na kukaa huko mpaka tukaanza kumuulizia. Kila mara aliingia uani akasema nimerudi, na kila mara, baada ya siku kadhaa, aliondoka tena. Neno hilo halikuwahi kumfunga.

Nikaingia. Nilifungua dirisha kwanza. Blanketi lake lilikuwa limekunjwa miguuni mwa kitanda kama alivyoliacha. Nikapiga magoti, kishingo akavimbisha manyoya, akanidonoa kidoleni.

"Nimerudi," nikasema.

Sauti ilitoka chini, ya kwake. Nilingoja, sijui nilingoja nini. Hakuna kilichosogea ila pazia. Kisha manyoya yakalala taratibu, nikapitisha mikono chini yake na kumwinua. Alikuwa mwepesi mno.

Mlangoni nilikuta mama ameshaweka beseni la maji. Nikamtumbukiza miguu, nikamwekea mahindi, akanywa maji akiinua kichwa juu tena na tena. Mayai niliyazika kwenye migomba, upande wa mbali na kaburi, chini kabisa ili mbwa wasiyafikie.

Jioni kuku walikusanyika mbele ya mlango wa nyanya. Nikasimama aliposimama yeye, nikaita, kuru, kuru. Walinigeukia wote. Kishingo alikuwa wa mwisho, akiyumba kidogo, lakini alinifuata hadi bandani. Nikafunga komeo, nikaenda kufungasha nguo zangu za kurudi Embu.